Masisi: Gari ya okazyoni, ilikuwa ya nani mbele yako?

Kwenye barabara inayopanda toka Sake mpaka Mushaki, gari ndiyo inalisha watu. Inashusha viazi, maziwa na fromaji ya Masisi kuelekea Goma, inarudi na chumvi, sabuni na abiria. Karibu zote ni za okazyoni. Lakini mwenye kununua gari huku anabaki na wasiwasi hata kisha kulipa: ilikuwa ya nani, na ilimtoka namna gani?

Wasiwasi huo una sababu. M23 ilipoishika Goma mwezi wa kumi na moja 2012, kwa siku zisizofika mbili kumi, shirika la Human Rights Watch liliandika kwamba nyumba, ofisi na magari viliporwa kwa mamia. Mushaki yenyewe ilichukuliwa mwezi wa pili 2023, wakaingia askari wa Burundi wa kikosi cha Afrika ya Mashariki, kisha M23 ikaichukua tena mwezi wa kumi na mbili mwaka ule ule. Mwezi wa kwanza 2025 ikawa zamu ya Sake na Goma, na ghala za misaada zikaporwa. Kila mara watu wanakimbia na kuacha mali nyuma. Mali ya aliyekimbia haikosi mnunuzi, na gari ina magurudumu.

Wakati wa amani, makaratasi ndiyo yanatoa jibu: karatasi ya duwani, karte rozi yenye jina la mwenye gari, na kitendo cha uuzaji kilichotiwa sahihi. Leo Goma na Mushaki ziko mikononi mwa AFC/M23, na ofisi za huko hazijibu tena kwa Kinshasa. Benki za Goma nazo zilifunga milango, kwa hiyo dola zinapita mkono kwa mkono bila alama yoyote. Karatasi inayokubaliwa leo kwenye barieri moja inaweza kukataliwa kesho kwenye nyingine.

Kuna pia historia ya chuma chenyewe. Magari mengi ya Kivu yanatoka Japani, yanashuka Mombasa au Dar es Salaam, kisha yanavuka Uganda au Rwanda. Saa ya kilometa inaweza kurudishwa nyuma njiani. Cheti cha kutoka Japani huonyesha kilometa zilizoandikwa kule, lakini kwa mnunuzi wa tatu au wa nne cheti hicho kimeshapotea. Kwa mlima wa Mushaki, hilo si jambo dogo: breki iliyochoka haionekani kwenye uwanda wa Goma, inaonekana wakati gari imejaa viazi na inashuka Sake.

Mnunuzi anaweza kufanya nini? Kwanza, asome namba ya shasi kwenye chuma, si kwenye karatasi tu, na alinganishe hizo mbili. Namba ya kimataifa ina herufi na tarakimu 17, na ndani yake hamna I, O wala Q. Gari iliyotengenezwa kwa soko la Japani ina namba fupi zaidi; hiyo peke yake si alama ya wizi. Alama ya hatari ni chuma kilichokwanguliwa au kuchomelewa upya. Pili, asikubali kumaliza biashara na komisioneri peke yake: aonane na mwenye gari, aandike kitambulisho chake, na mashahidi wa pande zote mbili watie sahihi. Tatu, fundi aipande na kuishusha mlima mbele ya malipo.

Hayo hayamalizi tatizo. Sheria ya Kongo inamwazibu anayepokea kitu cha wizi akijua, na bei ya chini kupita kiasi ni vigumu kuieleza mbele ya hakimu. Upande wa pili yuko aliyekimbia, ambaye siku moja atarudi na kuitambua gari yake sokoni. Siku hiyo wawili watasimama kila mmoja akisema alilipa, na pengine wote wawili watakuwa wanasema kweli. Ndiyo maana swali la magari, sawa na lile la mashamba, litabidi liingie katika mazungumzo yoyote ya amani ya Masisi. Kabla ya hapo, karatasi yenye mashahidi ndiyo kinga pekee ya mnunuzi mwenye nia njema.