Ujiji Huonjwa

Maharage yalipouzwa, nyumba moja ya Kagerankanda iligawanyika. Mama alitaka fedha yote iishie kwenye mabati ya jiko. Baba alitaka abakize nauli, awapeleke watoto wawili Ujiji.

"Baba watoto, kwani ziwa linaliwa?" mama aliuliza.

"Linaliwa," baba akajibu. "Na ndivyo nitakavyowaonyesha."

Wakapatana mabati mawili yasubiri.

Safari ilipitia Kasulu, ikateremka hadi Kigoma. Alfajiri walikuwa mwalo wa Kibirizi, dagaa wameanikwa mchangani wanameta kama fedha. Watoto walijifunza jambo linalowagusa nyumbani. Wavuvi hutoka usiku na taa, dagaa wakaufuata mwanga. Mbalamwezi ikiwa kali taa hazivuti, ndipo dagaa hupungua na bei kupanda. Mzazi anayepanga safari kama hii na atazame mwezi kwanza. Aulize pia kama uvuvi umeruhusiwa, maana mwaka 2024 ziwa lilifungwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane.

Mchana waliketi kwa mama lishe Ujiji. Uliletwa mgebuka uliopikwa kwa mawese, na ugali wa muhogo pembeni. Binti alionja, akacheka.

"Baba, si ugali wetu huu?"

"Wenu ndiyo, mwanangu," mama lishe akadakia. "Muhogo unatoka huko juu kwenu. Maharage pia."

Kumbe sahani moja ilibeba mkoa mzima: samaki wa ziwani, mafuta ya michikichi ya mwambao, unga wa milimani. Hata chumvi ya Uvinza ilikuwa ikiuzwa huku na huko kabla Wazungu hawajafika.

Baada ya chakula walikwenda makumbusho ya Livingstone, penye miembe. Maji ya ziwa yamerudi nyuma, hivyo mnara hauko tena karibu na ufuko. Kijana, aliyeko darasa la sita, alisoma kuwa Stanley alimkuta Livingstone mjini hapo mwaka 1871. Akamgeukia baba yake.

"Na sisi Waha tulikuwa wapi?"

Baba alinyamaza. Hakujua la kumwambia.

Jibu lipo, tena limo katika kitabu cha Stanley mwenyewe. Kabla ya kufika Ujiji alipita Uha, akatozwa hongo ya vitambaa na wakuu wa huko. Hongo ikamlemea hata akatafuta kiongozi wa njia, akapenya usiku kwa siri asitozwe tena. Uha ilikuwa nchi yenye wenyewe, na mgeni alilipa kuipita.

Stanley aliandika pia walichokula siku ile. Vyakula vililetwa na wenyeji wao mjini: Sayd bin Majid alileta vitafunwa vya nyama ya kusaga, Mohammed bin Sali kuku wa mchuzi, na Mwinyi Kheri nyama ya mbuzi na wali. Stanley alitoa chupa ya shampeni aliyoitunza njia nzima. Kwa hiyo mkutano ule maarufu haukuwa wa watu wawili tu. Kulikuwa na waliopika, na waliobeba mizigo kutoka pwani.

Mzazi asiyejua hayo humwacha mtoto adhani historia ilipita kwao bila kusimama. Ndiyo maana inafaa kujiandaa kidogo kabla ya safari: kumuuliza mwalimu wa historia, au kuketi na wazee. Chakula humfungua mtoto kuuliza, na akishauliza huhitaji mtu wa kumjibu.

Jioni walikunywa kahawa chungu kibarazani. Muuzaji aliwaambia kahawa ya mkoa huu hulimwa Kalinzi na Manyovu. Kesho yake wakarudi na dagaa na chupa ya mawese.

Mama alipika. Binti alieleza habari za mwezi na taa, kijana akarudia swali lake mbele ya babu, na babu akaanza kusimulia. Mvua ilipoanza, jiko likavuja palepale pa siku zote. Mama alisogeza sufuria, akauliza zamu yake ya Ujiji ni lini.