Betri iko ndani ya buti, na buti halifunguki

Najua nimepotea wiki tatu hivi, mniwie radhi, majaribio yalikuwa yanatuandama. Leo nina jambo moja limenikaa rohoni, na najua kuna watakaonicheka. Chekeni, lakini someni mpaka mwisho.

Alhamisi iliyopita mjomba aliniachia gari yake kwa usiku mmoja. Si kwa starehe! Mama yangu, yaani dada yake, alikuwa anakuja na basi la usiku kutoka Iringa, asubuhi ana kliniki ya macho, na mjomba mwenyewe alikuwa zamu. Kazi yangu ilikuwa moja tu: saa 10 alfajiri niwe stendi ya Mbezi. Mama haoni vizuri gizani, kwa hiyo habari ya "chukua bajaji mama" haikuwepo.

Gari ni Toyota Prius ya 2007, ile ya petroli na umeme, iliyokuja kutoka Japani ikiwa imeshatumika kama gari nyingi za hapa mjini. Basi mimi na akili zangu, nikaona hosteli kuna kelele, nikajifungia kwenye gari kusoma. Taa ya ndani nimewasha, redio nimewasha, gari yenyewe sijaiwasha. Saa 5 usiku taa ikafifia, redio ikanyamaza. Nikabonyeza kitufe cha kuwashia... kimya.

Nikaita washkaji. Tukawa watu sita, wawili wa uhandisi mwaka wa tatu (majina nayahifadhi, wanajijua). Tukafungua boneti, tukamulika na simu. Betri haipo! Tukatafuta kama watu waliopoteza funguo.

Ngoja niwaeleze nilichokuja kukijua baadaye. Prius ya namna hii ina betri mbili. Kubwa iko nyuma ya siti za nyuma, ina volti zaidi ya 200, na haichezewi na mtu asiyesomea. Ndogo ni ya volti 12 kama ya gari yoyote, na ndiyo inayoamsha kompyuta za gari. Hiyo ndogo wameiweka kwenye kona ya kulia ya buti. Na buti linafunguliwa kwa kitufe cha umeme. Umeme unatoka wapi? Kwenye betri iliyo ndani ya buti. Mmeuona mchezo?

Mawazo yakaanza. Mmoja akasema tuvunje kioo cha nyuma. Mwingine akampigia fundi anayemjua, fundi akasema anakuja kung'oa siti za nyuma apitie ndani, elfu 70, nusu aikute mkononi. Mimi nina elfu 18 na boom bado halijatoka. Saa 7 inakaribia, na mama yuko njiani.

Nikaenda getini kwa mzee mmoja dereva teksi anayelala pale.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu, kuna nini?"

Nikamweleza. Akaja na gari yake, akauliza swali moja: "Kitabu cha gari kiko wapi?"

Nikamwambia kipo kwenye droo ya dashibodi, lakini mzee, ni cha Kijapani.

"Nimekuuliza kiko wapi. Sijakuuliza lugha."

Akakifungua, akaanza kupekua PICHA. Dakika tano hazijaisha akatuonyesha mchoro: chini ya boneti, ndani ya kisanduku cha fyuzi, kuna kifuniko kidogo chekundu. Tukafungua kisanduku, kifuniko hicho hapo, tulikuwa tumekimulika saa nzima! Ukikiinua unakuta kipande cha chuma chenye alama ya kujumlisha. Huo ni waya wa chanya unaotoka moja kwa moja kwenye betri kule nyuma. Wenye kiwanda walijua betri haifikiki, wakatuwekea mlango mwingine mbele.

Mzee akachukua waya za kubusti. Mwekundu kwenye kile chuma, ncha yake ya pili kwenye chanya ya betri yake. Mweusi kwenye hasi ya betri yake, halafu ncha ya mwisho kwenye bolti tupu isiyo na rangi kwenye gari yetu. Mhandisi wetu mmoja alishaanza kubana mweusi kwenye kile chuma cha chanya, mzee akamshika mkono. Ukigeuza waya kwenye gari hii, bahati yako ni kuunguza fyuzi kubwa tu. Bila bahati unaunguza vifaa vya umeme vya bei ambayo mjomba asingenisamehe.

Dakika chache tu, gari ikaamka. Wala haikuhitaji umeme mwingi, maana injini yake inawashwa na ile betri kubwa. Saa 10 kasoro nilikuwa Mbezi. Mama hajui mpaka leo (na ninyi msimwambie).

Kesho yake mjomba akaazima chaja ndogo ya ampea 4, tukaibana palepale mbele, ikalala usiku mzima. Betri ile ni ya kama ampea-saa 45, kwa hiyo piga hesabu mwenyewe, chaja ndogo haiwezi kuijaza kwa saa mbili. Siti haikung'olewa hata moja.

Sasa maoni yangu. Wengi wanawalaumu waliounda gari: kwa nini wafiche betri? Mimi siwalaumu sana. Kule nyuma iko mbali na joto la injini, na mbele nafasi ni finyu. Nawalaumu wanaotuuzia. Gari inavuka bahari, inalipiwa ushuru, inapigwa rangi, halafu mnunuzi anakabidhiwa funguo na kitabu asichoweza kukisoma. Ukurasa mmoja tu wa Kiswahili ungetosha: betri iko wapi, inabustiwa wapi, usiguse nini. Na waandike kwamba betri ile ina mpira mdogo wa kutolea gesi nje, kwa sababu iko ndani walimo abiria. Ukibadilisha ukaweka ya kawaida bila mpira huo, gesi inabaki humo humo mlimokaa.

Na najilaumu mimi. Tulikuwa wanachuo sita, kila mtu na GPA yake, na hakuna aliyefungua kitabu kwa sababu hatukijui Kijapani. Mzee naye hakijui Kijapani. Tofauti ni kwamba yeye alifungua.

Kwa hiyo kama nyumbani kuna gari, nenda leo mchana, si usiku ukiwa na shida, umuulize baba au mjomba: betri iko wapi, na isipofikika tunabustia wapi? Asipojua, fungueni kitabu pamoja mtazame picha.

Ni hayo tu kwa leo. Mzee wa getini nilimpa ile elfu 18 yote, akachukua elfu 5, nyingine akanirudishia nikanywe chai na mama.