Jifya Moja Haliinjiki Chungu: Kijana Mpangaji na Mlo Wake

Katika kliniki zetu ipo sentensi moja ambayo sisi wahudumu wa afya huitamka pengine kuliko nyingine yoyote: "Uzingatie mlo kamili." Tunaitamka huku kalamu ikiandika dawa, na aghalabu mgonjwa hajaufikia mlango kabla hatujamwita anayefuata. Nami nimeitamka kwa miaka mingi. Ninaandika makala haya kwa sababu nimefikia kuamini kwamba, kwa kundi moja la wagonjwa wetu, sentensi hiyo haina maana mpaka kwanza tumeuliza maswali mawili: Una jiko? Na unakula na nani?

Kundi ninalolizungumzia ni la vijana wanaoishi peke yao katika vyumba vya kupanga: wanafunzi wa vyuo, wauzaji wa maduka, mafundi, waendesha bodaboda, walinzi wa usiku, na hata madaktari na wauguzi watarajali tunaofanya nao kazi wodini. Wametoka katika nyumba ambamo chungu kilikuwa cha mama au cha bibi, wakaingia katika mji ambamo chungu si cha mtu. Wengi wao hawaji kwetu kwa ajili ya lishe. Huja na kizunguzungu, vidonda vya tumbo au uchovu usiokwisha, au shinikizo la damu lililogunduliwa kwa bahati.

Nitoe mfano wa msichana mmoja, ambaye aliniruhusu nimwandike pasipo kumtaja jina. Alikuja akiwa na upungufu wa damu. Vipimo vilielekeza kwenye ukosefu wa madini ya chuma, nikamwandikia vidonge vya madini ya chuma na asidi ya foliki, nikamwambia azingatie mlo kamili. Alirudi baada ya miezi mitatu, na damu yake ilikuwa karibu pale pale. Nilimuuliza, kwa sauti ambayo sasa naionea haya, kama kweli alikuwa akimeza dawa. Alikuwa akimeza kila siku, bila kukosa. Alikuwa akizimeza kwa chai ya rangi.

Chai ina viambata vinavyoyashika madini ya chuma na kuyazuia yasifyonzwe vizuri tumboni. Hilo nalijua tangu nikiwa mwanafunzi. Ila sikuwahi kumuuliza anakunywa nini, kwa kuwa sikuwahi kumuuliza anakula nini. Nilipouliza hatimaye, alinieleza siku yake kwa maneno machache: asubuhi chai na maandazi mawili, mchana chipsi mayai, usiku chai na mkate. Mwenye nyumba alikataza mkaa ndani ya vyumba, na yeye hakuwa na jiko la gesi. "Daktari," aliniambia, "kupika sufuria nzima kwa mtu mmoja ni hasara." Sikuwa na jibu. Alikuwa amepiga hesabu yake, na hesabu hiyo ilikuwa sahihi.

Tukomee hapo kwanza, maana hapo ndipo wengi wetu hukosea. Husemwa kwamba vijana wa leo ni wavivu na wamezoea vya kununua. Lakini mtu anayeishi peke yake hukabiliwa na gharama ambazo familia haizijui. Huchoma mkaa au gesi ileile ambayo ingewapikia watu wanne. Hununua mafuta kwa kipimo kidogo na nyanya kwa fungu, na anayenunua kidogo kidogo ndiye anayelipa zaidi. Akipika kingi, hana jokofu. Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kilichopikwa kisikae katika joto la kawaida kwa zaidi ya saa mbili, na katika joto la Dar es Salaam shauri hilo si la kupuuzwa. Wali uliolala nje ya jokofu unaweza kumdhuru mlaji hata ukipashwa moto, kwa sababu sumu ya baadhi ya bakteria haiharibiwi na moto huo.

Wala sisemi kwamba chipsi mayai ni sumu. Yai ni chakula bora, na kachumbari ikiwekwa ni nyongeza njema. Ubaya uko katika kuifanya kuwa mlo wa kila siku: wanga mwingi, mafuta mengi ambayo mara nyingi yamechemshwa tena na tena, chumvi isiyopimwa, na mboga za majani hakuna. Kwa mtu mzima, kiwango cha chumvi kinachoshauriwa na Shirika la Afya Duniani ni chini ya gramu 5 kwa siku, yaani takriban kijiko kimoja cha chai kwa vyakula vyote vya siku hiyo. Matunda na mboga ni angalau gramu 400 kwa siku. Kijana anayekula barabarani asubuhi, mchana na jioni ana nafasi ndogo ya kutimiza viwango hivyo. Akiwa hana njia nyingine kabisa, ni heri aende kwa mama lishe akale wali, maharage na mchicha. Hilo nalo ni shauri la kitabibu, na tusione haya kulitoa.

Hata hivyo njia nyingine ipo, na wahenga waliitaja zamani: jifya moja haliinjiki chungu. Hasara anayoieleza kijana haitokani na kupika, inatokana na kupika peke yake. Katika nyumba nyingi za kupanga, vyumba sita au vinane hutazamana uani, na kila chumba kina mtu anayekula mkate mkavu usiku huohuo. Watatu wakichanga, hesabu hubadilika. Katika masoko mengi ya Dar es Salaam, kilo moja ya maharage makavu haizidi bei ya sahani mbili za chipsi mayai. Kilo hiyo, kwa gramu 100 za maharage makavu kwa kila mlaji, ni milo kumi, na kila mlo una zaidi ya gramu 20 za protini. Ongeza unga, mboga, mafuta na nishati, na bado kila mtu atalipa pungufu ya alivyozoea. Bei hupanda na kushuka, kwa hiyo msomaji asiniamini mimi. Aende sokoni kwake na kalamu.

Watu watatu wakipika pamoja, chungu huisha usiku huohuo, na suala la jokofu huondoka lenyewe. Zamu pia hugawika: kila mmoja hupika siku mbili kwa juma, na siku ya saba wanaweza kwenda kwa mama lishe bila kujilaumu.

Wapike nini? Nitataja chakula kimoja tu, kwa kuwa mtu akifundishwa vyakula kumi kwa siku moja hapiki hata kimoja. Choroko huiva upesi kuliko maharage. Vikombe viwili vichambuliwe na kulowekwa kabla ya kwenda kazini. Jioni maji ya kulowekea yamwagwe, choroko zichemshwe katika maji mapya mpaka zilainike. Kando, kitunguu, nyanya na karoti vikaangwe kwa vijiko viwili vya mafuta, kisha vichanganywe na choroko. Dakika tano kabla ya kuipua, utiwe mchicha au matembele yaliyokatwa. Chumvi iwe kidogo, na iwe yenye madini joto. Mezani, kila mtu akamulie ndimu katika sahani yake, kwa sababu vitamini C iliyomo husaidia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo katika kunde na mboga. Chakula hiki kiliwe na ugali wa dona. Chai isubiri saa moja au mbili baada ya mlo.

Wakizoea hilo, waende kwenye dagaa, ambao huliwa wazima na mifupa yao, hivyo humpa mlaji protini na kalsiamu kwa pamoja. Kisha waende kwenye maharage, wakikumbuka kuyaloweka usiku kucha, kumwaga maji yale, na kuyachemsha kwa nguvu mpaka yaive kabisa, kwani maharage mabichi au yasiyoiva huumiza tumbo. Karanga au mahindi yaliyoota ukungu yasiliwe hata yakioshwa, maana sumukuvu haitoki kwa maji wala kwa moto wa jikoni. Mgonjwa wa figo, au anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, asibadili ulaji wake wa kunde na mboga kabla ya kuzungumza na anayemtibu.

Kuhusu jiko, mwenye nyumba yule alikuwa na haki. Mkaa unaowaka katika chumba kilichofungwa hutoa gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, nayo huua watu usingizini. Mkaa uwashwe nje, penye hewa. Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa mwaka 2024, unalenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati hiyo ifikapo mwaka 2034. Kwa kijana mmoja, mtungi mdogo wa kilo 6 na jiko lake ni mzigo mzito. Kwa vijana watatu ni mchango wa mara moja.

Neno moja kwa wavulana. Wengi wenu mlilelewa mkiambiwa kwamba jikoni si mahali penu, na mnangoja kuoa ndipo mle vizuri. Mwili haungoji. Miaka hiyo ya kungoja ndiyo ambayo shinikizo la damu na kisukari huanza kujijenga kimyakimya. Mwanamume asiyejua kuloweka choroko hana cha kujivunia.

Kwa wahudumu wenzangu nina mapendekezo mawili. La kwanza, yale maswali mawili yaingie katika historia ya kila mgonjwa kijana, kama tunavyouliza kuhusu sigara na pombe. Hayachukui hata dakika moja, na yangeniokolea mgonjwa wangu miezi mitatu. La pili, tuonyeshe badala ya kusema. Kwa mama mwenye mtoto mchanga tumezoea kuonyesha kwa vitendo, sufuria ikiwa jikoni, namna ya kupika uji wa lishe. Kwa kijana wa miaka 22 mwenye upungufu wa damu tunatoa amri na kumwonyesha mlango. Kwa nini onyesho lilelile lisifanywe mara moja kwa mwezi katika eneo la kungojea, tena kwa jiko moja na sufuria moja, ili ajue kwamba hata chumbani kwake linawezekana?

Yule msichana alizungumza na majirani zake wawili, wakanunua mtungi kwa kuchanga. Alipokuja mara ya tatu, damu yake ilikuwa imepanda. Sitadai kwamba chungu ndicho kilichomponya, kwani alikuwa pia ameacha kumeza vidonge kwa chai, na siwezi kutenganisha lipi lilifanya nini. Ninachojua ni kwamba, kabla hajaondoka, nilimuuliza jana usiku alikula nini. Alinijibu, kisha akanieleza bila kuulizwa kwamba ilikuwa zamu yake, na kwamba mchicha aliutia mapema mno ukarojeka. Wenzake walimcheka, akasema, lakini walikula wote wakamaliza.