Mtoto Hana Kosa, Foleni Yenu Ndiyo Mbovu

Nimekuwa kimya hapa kwa wiki mbili. La, sijaacha kuandika, na tarakilishi yangu haijaibwa. Nilikuwa likizo Pwani na familia: mke wangu, mama yangu mzazi na binti yetu wa miaka miwili na miezi mitatu. Nimerudi na hasira, na ninataka kuimwaga kabla haijapoa.

Hasira yenyewe ni hii. Mikahawa yetu inamwona mtoto mdogo kama mteja mkorofi, ilhali kikorofi ni mpangilio wa jikoni kwao. Na sisi tunaoandika programu tumeusaidia mpangilio huo. Mimi binafsi nimeusaidia. Nitafika huko.

Tulishuka Mombasa kwa Madaraka Express, tukavuka feri ya Likoni, tukafika Diani salama. Siku mbili za kwanza tulijipikia. Siku ya tatu mke wangu akasema, na alikuwa na haki kusema, kwamba hakutoka Nairobi aje kuosha sufuria za watu. Tukaenda kula katika mkahawa mmoja karibu na ufuo. Siutaji jina, kwa sababu yaliyotupata pale yangeweza kutupata katika mikahawa mingine kumi ninayoijua.

Tuliketi saa sita na nusu. Mezani hapakuwa na menyu ya karatasi, ila kibao kidogo chenye msimbo wa QR. Msimbo huu ulibuniwa Japani mwaka 1994 kwa ajili ya kufuatilia vipuri vya magari kiwandani. Ni kazi safi kabisa. Lakini kipuri hakiulizi kama wali una pilipili. Mama yangu simu yake ni ya kubonyeza, kwa hiyo menyu nzima nilimsomea mimi, huku binti yangu akinipanda mabegani.

Tukaagiza. Mimi samaki wa kupaka, mke wangu kamba wa nazi, mama kuku wa kuchoma na ugali. Mtoto wali mweupe na yai la kuchemsha. Wali ulikuwa umeshaiva; nilikuwa naona sahani zake zikipita kwenda meza nyingine.

Dakika 20 za kwanza tulicheza na vijiko. Dakika ya 35 kilio kikaanza. Nyumbani huyu mtoto hula saa sita kamili, kila siku. Dakika ya 40 nikamwita mhudumu.

"Kaka, naomba wali wa mtoto utangulie tu. Sisi tutangoja."

"Inakuja, bosi. Lakini oda ya meza inatoka pamoja. Ndivyo sistimu ilivyo."

Bwana mmoja wa meza ya jirani akageuka, akauliza kama hatuwezi kumpeleka mtoto nje. Mke wangu akainuka bila neno, akambeba, akaenda kusimama naye juani. Mama akakaza macho kwenye kitambaa cha meza. Dakika ya 50 wakarudi, wote wawili jasho linawatoka, na mimi nikafanya jambo nililokuwa nimeapa kutolifanya mezani. Nikatoa rununu, nikamwekea katuni.

Kimya! Jirani akatabasamu. Mhudumu akatabasamu. Kila mtu akaridhika nasi.

Chakula kilifika saa nane kasoro dakika kumi, yaani baada ya dakika 80. Mtoto hakukitazama. Nilipochukua simu alijirusha chini, nilipoirudisha alifungua mdomo kama kifaranga na kumeza asichokijua. Mke wangu alikula kamba waliopoa. Bili nikalipa kwa M-Pesa, na pesa zangu zikafika kwao kwa sekunde chache. Yai moja la kuchemsha lilihitaji saa moja na dakika 20 kutoka jikoni hadi mezani.

Sasa hesabu kidogo

Anayesoma sayansi ya tarakilishi hufundishwa mapema jinsi kichakato kinavyopanga kazi zake. Njia rahisi ni foleni ya kawaida: aliyetangulia kufika ahudumiwe kwanza. Ni njia ya haki kwa kuitazama. Ubaya wake ni kwamba kazi moja ndefu ikitangulia, kazi fupi zote hukwama nyuma yake kama matatu nyuma ya trela.

Chukueni mpishi mmoja na oda tatu. Samaki wa dakika 30, kamba wa dakika 20, wali na yai wa dakika 2. Akizifuata kwa mpangilio huo, zitatoka dakika ya 30, ya 50 na ya 52. Wastani wa kungoja ni dakika 44. Sasa mtangulize mtoto. Zitatoka dakika ya 2, ya 32 na ya 52. Wastani unashuka chini ya dakika 29. Mla samaki amepoteza dakika 2, mla kamba dakika 2. Mtoto ameokoa dakika 50. Jiko ni lile lile, mpishi ni yule yule, gesi ni ile ile.

Ule mtindo wa "oda ya meza inatoka pamoja" ndio mbaya kuliko yote. Hapo wote wanangoja dakika 52, na yai linapoa kwenye kaunta likimsubiri samaki.

Najua kuna mtu wa fani atanirukia aseme kwamba kutanguliza kazi fupi siku zote kunaweza kuinyima kazi ndefu zamu yake milele. Ni kweli, ikiwa kazi fupi hazikomi kuingia. Lakini hapa ni sahani moja ya mtoto kwa meza, tena si kila meza ina mtoto.

Na si dakika pekee zinazouma. Mwaka 1985 David Maister aliandika makala inayojulikana sana kuhusu saikolojia ya foleni. Alieleza kwamba muda usio na shughuli huonekana mrefu kuliko wenye shughuli, na kungoja usikojua mwisho wake huonekana kurefu kuliko kule unakojua. Hao ni watu wazima anaowasema. Mtoto wa miaka miwili hajui "dakika tano" ni nini. Kwake kuna sasa, na kuna kamwe.

Ungamo

Sasa sehemu ninayoionea aibu. Mwaka 2021, nikiwa nimetoka chuo juzi tu, mkahawa mmoja wa Nairobi uliniajiri niwaandikie programu ya oda. Niliiandika kwa wiki tatu na nikajisifu sana. Tiketi za jikoni nilizipanga kwa saa ya kuingia. Kengele ya kumwita mhudumu niliiweka ilie pale sahani zote za meza zinapokuwa tayari. Kwenye hifadhidata hakuna mahali popote pa kuandika "hii itangulie". Sikuwa na mtoto wakati huo. Halikunijia hata akilini.

Kwa hiyo mhudumu wa Diani aliposema "ndivyo sistimu ilivyo", nilimjua aliyeiandika. Si mimi kwa jina, lakini ni mtu kama mimi, kijana asiye na mtoto, aliyewauliza wenye hoteli maswali mengi kuhusu risiti na ushuru na asiulize hata moja kuhusu njaa.

Halafu fani hiyo hiyo iliyomchelewesha mtoto chakula ndiyo iliyomwandalia katuni za kumnyamazisha. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019 kwamba mtoto wa miaka miwili asizidishe saa moja ya skrini kwa siku, na kwamba pungufu ya hapo ni bora. Mkahawa unaochukua dakika 80 unataka nimalize posho ya siku nzima kwa mlo mmoja, na bado nibaki na deni.

Majibu kwa watakaonikaripia

"Kaeni nyumbani." Mabango ya mikahawa ya Pwani yanatuita sisi: baba, mama, watoto wawili, wote wanacheka. Msiniite kwa bango kisha mnifukuze kwa macho.

"Bebeni chakula cha mtoto." Tulikuwa nacho, ndizi na uji kwenye chupa. Mlangoni palikuwa na tangazo kwamba chakula kutoka nje hakiruhusiwi. Chagueni moja basi. Ama mmlishe upesi, ama mniache nimlishe.

"Mtoto hana adabu." Mtoto wa miaka miwili mwenye njaa anayelia anafanya kazi yake sawasawa. Kilio ni ujumbe wa hitilafu. Na mhandisi anayetatua hitilafu kwa kuuficha ujumbe wake hafai kuachiwa seva.

"Wengine tumelipa tupate utulivu." Hapa nakubaliana nanyi, na nawaonea huruma. Yule bwana wa meza ya jirani alilipa pesa zake halali akala na kilio masikioni. Lakini utulivu wake haukuvurugwa na binti yangu. Ulivurugwa na yai lililochelewa dakika 78. Angegeukia jikoni, tungekuwa upande mmoja.

Kibanda cha Ukunda

Siku iliyofuata tulikula kibandani Ukunda, kando ya barabara. Mabati, benchi mbili, sufuria nne. Hapana msimbo wa QR, hapana kiti cha mtoto. Hatujaketi sawasawa, yule mama akamtazama binti yangu, akachota wali wa nazi kijiko kimoja kikubwa, akamwagia mchuzi wa maharagwe usio na pilipili, akaupepea kwa mfuniko wa sufuria na kumwekea mbele. Hatujaagiza chochote! Nikaanza kusema sisi tunataka nini. Akanikatiza.

"Wewe utangoja, baba. Huyu hangoji."

Binti yangu alikula mpaka akapaka wali kwenye nyusi. Sisi tulingoja dakika kama 15, na hatukuzihisi. Mama yangu, aliyekuwa kimya tangu jana yake, akasema hata kwetu kijijini mgeni hali huku mtoto analia.

Yule mama hajasikia habari ya vichakato, lakini anajua kazi ipi ni fupi na ipi haiwezi kungoja. Mkahawa wenye bajeti ya matangazo haujui.

Ninachotaka

Siombi bembea wala vinyago. Nataka mambo manne, na hakuna lenye gharama ya kutaja.

1. Mhudumu akiona mtoto, aulize kwanza mtoto atakula nini, kabla ya vinywaji vya wakubwa.
2. Sahani ya mtoto itoke peke yake ikiwa tayari. Isimsubiri samaki.
3. Anayeomba chakula cha mtoto kitangulie asiambiwe habari ya sistimu. Aambiwe ndiyo.
4. Kama jiko haliwezi, tangazo la kukataza chakula cha nje lisiwahusu walio chini ya miaka mitatu.

Na nyinyi wenzangu mnaoandika programu za mikahawa, fungueni kazi zenu leo usiku mtazame mstari unaopanga tiketi. Kama umepangwa kwa saa ya kuingia tu, mnajua la kufanya. Mimi nimefungua wangu wa 2021. Ilinichukua jioni moja kuongeza alama ya "itangulie" na kuirekebisha kengele. Nimewapelekea bure wale wa Nairobi. Mwenye mkahawa aliniuliza hii itamwongezea mauzo kiasi gani. Nikamwambia sijui, lakini najua familia moja ambayo haitarudi Diani pale tulipokula.

Binti yangu je? Tangu siku ile kila akiketi kula ananyosha mkono na kusema "simu". Leo ni siku ya tisa tunakataa. Jana alilia dakika chache tu, kisha akala. Katuni ile ilikuwa mlo mmoja, na bado tunailipia mezani kwetu kila siku.

Haya, nimemaliza. Mwenye mkahawa unaomtanguliza mtoto autaje hapo chini kwa jina na mtaa, maana sifa zao tunaweza kuzitangaza bila woga. Wanaotaka kunitukana nao wanakaribishwa, ila wangoje zamu yao kwenye foleni.