Kazi Isiyohesabiwa ya Kuhamisha Mgonjwa



Mgonjwa wetu anapotolewa katika jengo la dharura kupelekwa katika jengo la wanawake, sisi jamaa huona machela inapita, tukadhani jambo limekwisha. Kwa wauguzi kazi inaanza upya. Anayemtoa hukamilisha fishi, hukagua seramu, hukusanya dawa ambazo jamaa wamezinunua kwa taabu. Anayempokea hutafuta shuka, huhakikisha jina, hupima tena homa na shinikizo la damu, huuliza dawa ya mwisho ilitolewa saa ngapi. Wakati huo wagonjwa wake wengine wanangoja. Na hospitali zetu nyingi za zamani zina majengo yaliyotengana. Mvua ikinyesha, hata hatua mia ni safari.

Kazi hiyo haionekani katika daftari. Vitanda kwa kawaida huhesabiwa mara moja kwa siku. Kitanda kilichopokea wagonjwa watatu, mmoja baada ya mwingine, tangu alfajiri hadi usiku, huandikwa sawa na kile alicholalia mtu mmoja juma zima. Mkubwa akisoma hesabu hiyo hushangaa kwa nini wauguzi wanalalamika. Sisi walimu tungepaswa kuwaelewa: wanafunzi arobaini wanaobaki darasani si sawa na arobaini ambao kila siku watano wanatoka na watano wageni wanaingia.

Sisemi mgonjwa asihamishwe. Mtoto mwenye surua lazima atengwe, na mama anayetokwa damu hawezi kungoja. Ninalopinga ni kumsogeza maskini usiku, saa ya kubadilishana zamu, kwa sababu tu amefika mwenye kulipia chumba cha pekee. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani (OMS) liliweka mawasiliano wakati wa kukabidhiana wagonjwa kati ya mambo tisa ya kulinda usalama wao. Makabidhiano ya haraka ndiyo yanayopoteza dawa, au kumpa mtu dawa ileile mara mbili.

Naziomba kamati za hospitali, zikiwemo zile za majimbo yetu, ziandike kwa kila zamu idadi ya walioingia na waliotoka katika kila jengo, na kupanga wauguzi kwa hesabu hiyo. Kalamu na daftari vyatosha. Nasi tunaolinda wagonjwa tubebe mikoba na mikeka, lakini fishi na maelezo ya matunzo yapite kutoka kwa muuguzi hadi kwa muuguzi, mbele ya mgonjwa mwenyewe.