Kila Nyumba na Mamlaka Yake ya Maji

Jumamosi mbili zilizopita nilishinda juu ya ngazi. Nilikuwa nikimshikia fundi bomba vifaa vyake huku yeye akikaza koki ya tangi jipya la lita 2,000 tulilolipandisha juu ya mnara wa zege nyuma ya nyumba. Kazi haikuwa ndogo: bomba jipya kutoka kwenye mita, pampu ya umeme, boya la kufunga maji tangi linapojaa, mabomba ya kushushia maji jikoni na bafuni, na chini ya sinki chujio la hatua tatu ambalo mwanangu alinisaidia kulifunga kwa kufuata picha za karatasi ya maelekezo. Jioni nilipofungua koki ya jikoni na maji yakatoka kwa nguvu, nakiri kwamba nilijiona mtu aliyefanikiwa maishani.

Siku ya tatu jirani yangu, mama mtu mzima anayepanga chumba katika nyumba ya pili, alipiga hodi. Nilimwamkia, akaitikia, kisha akauliza bila kuzunguka: "Mwalimu, hiyo mashine yako huwa unaiwasha saa ngapi?" Nikamjibu kuwa ni alfajiri, maji yanapofunguliwa. "Basi ndiyo hiyo," akasema. "Ikianza kunguruma tu, bomba letu linapuliza hewa."

Ilinibidi nirudi kwa fundi kuuliza, ingawa jibu ningeweza kulifikia mwenyewe kama ningetulia kidogo. Bomba la mtaa hubeba maji kwa msukumo. Msukumo huo ndio unaoyafikisha maji nyumbani, na ndio ulinzi wake pia: maadamu maji yaliyo ndani yanasukuma kwenda nje, palipo na ufa yatavuja, lakini uchafu hautaingia. Pampu iliyofungwa moja kwa moja kwenye bomba hilo hugeuza mambo. Hufyonza. Kwanza humnyang'anya jirani msukumo wake. Na wakifyonza wengi kwa pamoja, msukumo ndani ya bomba hushuka hata chini ya ule wa nje, na kila ufa huwa mdomo unaonywa kilichouzunguka. Katika miji yetu, ambako nyumba nyingi hutumia vyoo vya shimo na makaro, na bomba la maji limepita hatua chache tu kutoka hapo, msomaji anaweza kukisia kinachonywewa. Maji ya mgao huwa na hatari hiyo hiyo hata pasipo na pampu, kwa kuwa bomba likikaa tupu siku mbili halina cha kusukuma nje. Pampu huizidisha.

Kwa hiyo nilikuwa nimetumia fedha zangu kuyachafua maji ya mtaa, kisha nikatumia fedha nyingine kununua chujio la kuyasafisha yale yanayoingia kwangu. Jirani yangu hana chujio.

Kisa hiki ni kidogo, lakini nadhani kinatueleza jambo kubwa kuhusu siasa ya huduma za umma katika nchi yetu. Mwaka 1971 serikali ilianzisha mpango wa miaka 20 wa maji vijijini, ukiwa na lengo kwamba kufikia 1991 kila mwananchi apate maji safi ndani ya mita 400 kutoka anapoishi. Lengo halikufikiwa. Sera za maji za 1991 na 2002 zilikuja na lugha nyingine, ya mtumiaji kuchangia na miradi kujiendesha. Mjini Dar es Salaam tukaenda mbali zaidi: Agosti 2003 usambazaji wa maji ukakabidhiwa kampuni ya City Water, na Mei 2005 serikali ikauvunja mkataba. Shauri likafika kwenye baraza la usuluhishi la ICSID, ambalo Julai 2008 liliamua kwamba Tanzania ilikiuka wajibu wake kwa mwekezaji, lakini halikuiamuru kulipa fidia.

Wale tuliokuwa na umri wa kufuatilia mambo tunakumbuka jinsi ubinafsishaji ule ulivyojadiliwa, magazetini na kwenye semina zisizokwisha. Ulikuwa na mkataba wa kuukosoa na kampuni ya kuifukuza. Ubinafsishaji unaoendelea leo hauna hata kimoja kati ya hivyo. Unafanyika uani, Jumamosi, kwa fundi na gundi ya mabomba. Kila mwenye uwezo anajijengea mamlaka yake ndogo ya maji: ana chanzo chake (kisima au bowsa), tangi lake la kuhifadhia, mtambo wake wa kusafishia chini ya sinki, na mafundi wake wa dharura kwenye simu. Hakuna anayeuita ubinafsishaji. Tunauita maendeleo, na mgeni akija tunampeleka nyuma ya nyumba akauone mnara.

Mwanauchumi Albert Hirschman, katika kitabu chake cha mwaka 1970, alijiuliza kwa nini reli za Nigeria ziliendelea kutoa huduma mbovu ijapokuwa zilikuwa na ushindani mkali kutoka kwa malori. Jibu lake ni la kuwasumbua wote wanaoamini kwamba ushindani huponya kila kitu. Wateja waliojali zaidi ubora, na waliokuwa na uwezo wa kupiga kelele zikasikika, ndio waliotangulia kuhama. Waliobaki hawakuwa na sauti, na shirika halikuumizwa na kuondoka kwa wale wengine. Wanafunzi wangu wa mwaka wa pili hulisoma hoja hii kama jambo la reli. Nawaomba waisome tena wakiwa wamesimama mbele ya tangi la nyumbani kwao. Mhandisi, hakimu, mkurugenzi, mwandishi wa habari, mhadhiri: hawa ndio ambao simu yao ingepokelewa, na hawa ndio ambao mgao ukianza hawajui kama umeanza. Mimi mwenyewe, katika majuma haya mawili, sijui maji ya mtaa yametoka siku ngapi.

Anayejua ni mpangaji. Hawezi kujenga mnara katika uwanja usio wake, wala kuchimba kisima, wala kumlazimisha mwenye nyumba aliyefunga koki moja kwa vyumba vyote. Hununua kwa dumu. Uniti moja ya maji ni lita 1,000, yaani madumu 50 ya lita 20. Kama dumu linauzwa shilingi 200, uniti hiyo imemgharimu shilingi 10,000, bei inayozidi mara kadhaa ile anayolipa mwenye mita. Anayempangia nani aamke saa kumi za usiku kukinga si takwimu yoyote bali desturi ya nyumba, na kwa kawaida desturi humchagua mke au binti.

Kuhusu machujio nina neno pia, kwa sababu matangazo yake yanaahidi mambo ambayo chombo kimoja hakiwezi. Mshumaa wa kauri hukamata bakteria na vimelea vikubwa kuliko vitundu vyake. Chumvi na floraidi hupita bila kizuizi. Mkaa maalumu huondoa harufu na ladha, na pamoja navyo huondoa klorini, ambayo ndiyo ingeyalinda maji yasiote vijidudu yakikaa kwenye ndoo. Mtambo wa utando unaokamuliwa kwa msukumo huondoa hata chumvi, lakini humwaga maji mengi ili kupata machache. Ndugu zetu wa Arusha, Kilimanjaro na Manyara wanaifahamu floraidi kwa kuitazama kwenye meno ya watoto. Huko kuchemsha hakusaidii. Maji yakipungua sufuriani, floraidi hubaki na kuzidi makali. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimefanya kazi kwa miaka mingi na mkaa wa mifupa, ambao huinasa floraidi hiyo, lakini nao huchoka na hutaka kubadilishwa kwa wakati. Maana yake ni kwamba asiyejua kilichomo kwenye maji yake hawezi kuchagua chujio, na kukijua kunahitaji maabara. Nyumba haina maabara. Mamlaka za maji zinazo.

Najua nitakachoulizwa: je, tukae na madumu matupu tukisubiri dola? La. Oktoba 2022, mto Ruvu uliposhuka na Dar es Salaam ikaingia kwenye mgao, tangi lilikuwa hifadhi ya kweli kwa familia nyingi, na sioni aibu kwa yeyote aliyekuwa nalo. Ninachotofautisha ni kuhifadhi na kufyonza. Tangi la chini, lililofukiwa au kuwekwa kando ya ukuta, likijazwa taratibu na msukumo wa bomba wenyewe na kufungwa na boya lake, halimdhulumu mtu. Pampu ikichota kutoka hapo kwenda juu, inachota maji ambayo tayari ni yako. Kinachoongezeka ni gharama ya tangi la pili. Ndiyo sababu mafundi wengi hawalipendekezi, na ndiyo sababu mimi sikuuliza.

Kwa watumishi wa umma wanaosoma ukurasa huu nina maombi machache. Klorini inayobaki kwenye maji hupimwa. Shirika la Afya Duniani linataka isipungue miligramu 0.2 kwa lita inapomfikia mtumiaji. Vipimo hivyo vitangazwe kwa kila kata, kila mwezi, kwenye ubao ule ule wa ofisi ya mtaa unaobandikwa matangazo ya michango. Ratiba ya mgao itangazwe pia, pamoja na siku ambazo haikufuatwa. Kibali cha ujenzi kionyeshe tangi la chini pale penye pampu. Na nyumba ya kupangisha ihesabiwe watu wake, si mita yake moja, tunapojigamba kuhusu waliofikiwa na huduma. Kenya waliandika haki ya maji safi, salama na ya kutosha katika ibara ya 43 ya Katiba yao ya 2010, mwaka ule ule ambao Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliitambua haki hiyo. Katiba yetu ya 1977 haina ibara inayoitaja kwa jina. Wanaharakati wanaodai katiba mpya wameijadili sana tume ya uchaguzi. Koki nayo ina nafasi yake kwenye orodha.

Fundi anarudi Jumamosi hii. Tutachimba shimo la tangi la chini kando ya ukuta, na pampu itakatwa kutoka kwenye bomba la mtaa. Hadi siku hiyo siiwashi. Jana alfajiri nilitoka nje kusikiliza; maji yalikuwa yamefunguliwa, na upande wa pili wa ukuta ndoo ilikuwa ikijaa polepole sana.