Mtoto na Fidla: Simu Inamwonyesha, Lakini Nani Anamsikiliza?

Kuna klipu imezunguka sana kwenye magrupu ya WhatsApp. Binti wa miaka tisa kasimama sebuleni kwao, Dar es Salaam, sare ya shule bado mwilini, fidla begani, anapiga. Baba yake ndiye anayerekodi, sauti yake inasikika kwa nyuma: "Huyu hajafundishwa na mtu! Simu tu!" Watu wakamwaga mioyo na vidole juu kama kawaida. Kipaji hicho. Mtoto atafika mbali. Baba ana bahati.

Kilichofuata hakikurekodiwa. Mama yake aliona binti kila akimaliza kupiga anajisugua shingo na kiganja cha kushoto. Akamwita jirani yao, mzee aliyepiga fidla miaka mingi kwenye kikundi cha taarabu. Mzee hakutaka hata kusikia wimbo kwanza. Alimwambia, "Mjukuu wangu, nyoosha mkono." Akaweka fidla shingoni kwa mtoto, mkono ukiwa umenyooka, vidole havikufika hata kwenye kile kichwa kilichojikunja mwisho wa fidla. Ni fidla ya mtu mzima. Mtoto wa umri ule kwa kawaida hupiga ya nusu, maana fidla zinatengenezwa kwa saizi, kuna robo, nusu, robo tatu, mpaka kamili. Baba aliletewa ile kamili na ndugu aliyetoka Ulaya, akashukuru, akampa mwanawe. Nani angejua?

Halafu mzee akagusa nyuzi. Zote nne zilikuwa zimeshuka, na hazikushuka sawasawa. Hapo ndipo penyewe.

Gitaa lina vile vyuma vinavyokata shingo yake, ukibonyeza katikati ya viwili sauti inakaa mahali pake. Kinanda ndiyo kabisa, unabonyeza tu. Fidla haina alama yoyote. Kidole kikisogea milimita moja au mbili tu, sauti imeharibika, na anayejua kwamba imeharibika ni sikio peke yake. Sasa mtoto anayejifunzia kwenye fidla iliyolegea, sikio lake linazoea makosa. Mwaka mzima analizoesha vile. Mwalimu wa kwenye video anapiga vizuri, anaeleza vizuri, anatabasamu, lakini hamsikii mtoto. Hawezi kumwambia "hapana, panda kidogo".

Ukitaka kuona shida nyingine, itazame ile klipu bila sauti. Bega la kushoto limepanda mpaka karibu na sikio. Kiganja kimeegemea chini ya shingo ya fidla kama mtu anayebeba trei. Upinde unatakiwa kwenda sambamba na kile kibao kinachoinua nyuzi, wa binti unakwenda upande upande na kuserereka juu ya vidole. Hayo siyo mambo ya urembo. Ndiyo yanayoleta maumivu, na mtoto anayeumwa huacha. Hasemi "ninaumwa", anasema "nimechoka" au "sitaki tena", wazazi wanasema mvivu.

Baba mtu alikasirika. "Mzee anatafuta hela tu," alimwambia mkewe baadaye. Na ana hoja yake, tusimwonee. Hela ya mwalimu kila wiki haipo. Tena anasema wapigaji wa taarabu wa zamani walisoma chuo gani? Si walijifunza wenyewe?

Chuo hawakwenda wengi wao, kweli. Lakini hawakuwa peke yao. Vikundi kama Ikhwan Safaa ya Zanzibar, iliyoanza mwaka 1905, kijana alikaa pembeni ya wakubwa usiku baada ya usiku, anatazama mkono, akikosea anaangaliwa kwa jicho moja tu na anaelewa. Hakuna aliyeitwa mwalimu na walimu walijaa chumba kizima. Leo Zanzibar kuna hata chuo cha muziki, DCMA, kilichoanza 2002, na fidla inafundishwa pale.

Wanaotetea kujifunza bila mwalimu hupenda pia kumtaja Mjapani Shinichi Suzuki, aliyezaliwa Nagoya mwaka 1898. Baba yake alikuwa na kiwanda cha fidla, lakini kijana alianza kupiga akiwa na miaka kama 17 hivi, baada ya kusikia santuri ya Mischa Elman. Akabeba fidla nyumbani, akawa anasikiliza na kuiga mwenyewe. Hadithi tamu, ila watu huikatia katikati. Suzuki alitafuta walimu baadaye, na miaka ya 1920 akaenda mpaka Berlin kusoma kwa Karl Klingler. Alipokuja kutengeneza njia yake ya kufundisha watoto, iliyoenea dunia nzima, aliweka mwalimu, na akaweka mzazi naye akae darasani ajifunze kushika fidla, ili nyumbani awe na macho ya kumwangalia mtoto.

Kwa hiyo mtoto anaweza kuanza mwenyewe? Kuanza, ndiyo. Kupenda, kuzoea nyimbo, kucheza nayo, yote hayo simu inasaidia. Kuendelea peke yake, hapana, si kwenye fidla. Lakini si lazima iwe kila wiki wala hela nyingi. Hata mara moja kwa mwezi, mtu anayejua akae naye saa moja, arekebishe mkono, akaze nyuzi, amfundishe baba kukaza nyuzi kwa programu ya simu. Watu hao wapo, makanisani, kwenye taarabu, mtaani.

Mzee amesema kwa mwenzake kuna fidla ya nusu imelala tu juu ya kabati, wanaweza kuazima. Hakutaja hela. Mama alimwambia mumewe usiku, "Baba watoto, Jumamosi tumpeleke." Baba alikuwa anasoma maoni ya klipu, yamefika mengi. Hakujibu.